Kwa Mikono Yake Mwenyewe

9 Juni
Bweni la Wasichana, chumba namba 14

Kwako Shangazi,

Nakuamkia, na kupitia kwako namwamkia Baba. Mimi ni mzima. Lile jino lililonisumbua limeng'olewa, kwa hiyo sasa natafunia upande mmoja kama mbuzi mzee, na mwenzangu wa chumbani ananicheka kila tukikaa kula. Mguu wa Baba unaendeleaje? Na yule bibi aliyeleta gauni la harusi ya bintiye ulipanue mara tatu, ameridhika au bado ananenepa?

Nimeandika kwa sababu hii. Likizo ndefu imeanza leo, lakini sitakuja nyumbani. Nina kazi za maabara zitakazonishika mpaka mwisho wa Agosti.

Septemba naingia mwaka wa mwisho, na muhula wa kwanza kuna kozi inayoitwa Uainishaji wa Mimea. Ni ya lazima. Mtu anaweza kufaulu nyingine zote, lakini bila hiyo hapewi shahada ya biolojia. Nusu ya alama zake zinatokana na mkusanyo wa mimea hamsini iliyokaushwa, kila mmoja kwenye karatasi yake, ukiwa na mzizi, shina, majani, na ua au tunda. Huku mjini kuna lami na ukoka tu. Huko kwetu mimea ni mingi, kuanzia mtaro wa nyuma ya nyumba mpaka kule kwenye reli.

Naomba unisaidie kuikusanya. Orodha nimeiambatisha, na maelezo ya kubana mimea kati ya magazeti mpaka ikauke bila majani kukunjamana. Andika tarehe na mahali kila mmea ulipotoka. Pale penye neno "Mkusanyaji" paache wazi, nitapajaza mwenyewe.

Najua una kazi zako. Ningekuwa na njia nyingine nisingekusumbua.

Mwanao


28 Juni
Kibarazani kwetu

Mwanangu,

Salamu zimefika na sisi tupo. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe, kilichobaki ni manung'uniko. Yule bibi wa gauni amenyamaza. Sasa anayenenepa ni bwana harusi, nimeletewa suruali.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa. Baba yako anauliza ni kazi gani ya maabara isiyo na likizo. Nimemwambia utamjibu wewe, kwa hiyo mjibu.

Mimea tumeanza. Nasema tumeanza kwa sababu baba yako ameikamata kazi hii kama aliyeitwa tena kazini. Unajua mtu aliyesoma mita za maji za watu miaka thelathini hawezi kuona kitu asikiandikie tarehe. Ana daftari. Anaandika: "Namba 4, mbigili, nyuma ya kinyozi, tarehe 20, saa mbili na robo asubuhi, umande upo." Nimemwambia umande haukuulizwa. Akasema wewe shona.

Fundi baiskeli wa jirani alituona tumeinama mtaroni akapaza sauti: "Mama Pindo! Majani unayo, mbuzi yuko wapi?" Nikamwambia mbuzi yuko chuo kikuu, anasoma. Tangu siku hiyo anakuita Daktari wa Majani. Hata nikimweleza kwamba biolojia si udaktari, haingii kichwani mwake.

Karatasi yako ya masharti ya shahada bado ipo ukutani, pale pale ulipoibandika mwaka wa kwanza, kati ya kioo na vipimo vya wateja. Biokemia nimeiwekea tiki ya chaki kama ulivyosema kwenye barua yako ya Mei, na kufika Mei mwakani nataka pawe peupe kote. Juzi mama mmoja aliyeleta sare ya mwanawe aliisoma kwa sauti akisubiri: "Jenetiki, Ikolojia, Takwimu… Mama Pindo, hivi ni vipimo vya kiungo gani?" Nikamjibu ni vya binti ya kaka yangu, vimebaki sita. Sehemu ya chini ya karatasi siku hizi haionekani. Nimepewa kalenda na duka la vitambaa, na msumari mwingine sikuwa nao.

Umeandika majani yasikunjamane. Mtoto wewe, mimi nimepiga pasi kola za watu miaka thelathini na miwili.

Nakuandikia na pini mdomoni,
Shangazi yako


22 Julai

Kwako Shangazi,

Nakuamkia. Hapa salama. Nimecheka sana habari za daftari la Baba, na mwambie namshukuru kwa kila tarehe.

Naandika haraka haraka kwa kuwa kazi zimenibana. Mmea bila ua wala tunda hauhesabiwi. Namba 31, ule wa jamii ya kunde, lazima uwe na vyote viwili, ua na ganda, kwenye shina moja. Wameupigia mstari. Mhadhiri wa kozi hii ni mkali, ana miwani ya kuvaa na mingine ya kuning'inia shingoni, na wanafunzi wanamwita Lenzi. Nasikia mwaka jana alirudisha mikusanyo tisa.

Kifurushi kikinifikia kabla ya Agosti kwisha nitakuwa salama.

Usijichoshe, Shangazi.

Mwanao


14 Agosti

Mwanangu,

Kuhusu kazi ya maabara hukumjibu baba yako. Haulizi tena. Mtu akiacha kuuliza nyumba hii inakuwa na ukimya ambao hata cherehani haiufuniki, lakini tuyaache hayo.

Kifurushi ndicho hiki. Ni hamsini, nimehesabu mimi, baba yako akahesabu nyuma yangu, akapata hamsini na akaonekana kusikitika kwamba sikukosea. Tumeibana chini ya kichwa cha ile cherehani mbovu na masanduku yake mawili. Mingine iliyokataa kunyooka niliipitishia pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa. Namba 12 ilinitumbukiza mtaroni mpaka magotini. Fundi baiskeli alinivuta, na tangu hapo anaidai ile namba 12 kama yake.

Namba 31 imenitoa jasho. Ishike kwa upole na usiibanduebandue.

Pale penye "Mkusanyaji" hatukuandika chochote, kama ulivyotaka.

Kitu kingine nisingekuambia lakini nimeshindwa kunyamaza. Gauni la mahafali yako limekwisha kukatwa. Rangi ya zambarau iliyoiva, mikono mirefu, pindo la chini nimeliacha bila kushonwa mpaka nione umevaa viatu gani. Nimekata na la kwangu kutoka kitambaa hicho hicho, ili tukisimama pamoja isiulizwe nani ni wa nani. Tangu mama yako atutoke nimekushonea kila kitu ulichovaa siku iliyokuwa na maana. Hii ndiyo siku niliyokuwa naitunzia kitambaa.

Shangazi yako


3 Novemba

Kwako Shangazi,

Nakuamkia wewe na Baba. Barua zako mbili za Septemba na ile ya Oktoba zote nimezipata. Usidhani zilipotea njiani. Nilizisoma, nikaziweka chini ya godoro, nikawa kila siku nasema nitajibu kesho.

Nina jambo la kukuuliza, na kwanza nikueleze limetoka wapi.

Jumanne ya wiki iliyopita niliitwa ofisini kwa Lenzi. Ni chumba chembamba chenye meza moja ndefu, makabati ya chuma pande zote mbili, na harufu ya dawa ya nondo. Mkusanyo wangu ulikuwa mezani. Karatasi arobaini na tisa zilikuwa zimepangwa upande mmoja. Namba 31 ilikuwa peke yake chini ya hadubini. Akaniambia nitazame.

Nikatazama. Ua la jamii ya kunde lina vijiti kumi vya chavua. Hili lilikuwa na vitano. Lilikuwa ua la kiazi kitamu, Shangazi, juu ya shina la kunde mwitu. Akaisogeza karatasi kidogo, na pale kikonyo kilipokutana na shina nikaona uzi. Akaihesabu mishono kwa ncha ya kalamu, kwa sauti, mpaka saba. Kisha akavua miwani.

"Nimefundisha miaka kumi na tisa," akasema. "Nimeona gundi. Nimeona nta. Mmoja alitumia rangi ya kucha. Mshono sijawahi. Na ni mzuri kiasi kwamba bila hadubini ningempa alama zote."

Nilikuwa nimeandika lebo hamsini kwa siku mbili. Ua lile nililiona kama ninavyoona kitasa cha mlango. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na ua la kiazi kitamu tulilichora mwaka wa kwanza.

Mkusanyo umeshikiliwa. Kamati ya idara itakaa wiki ijayo. Wakiufuta, kozi imekwenda, na kozi ikienda sitakuwa kwenye mahafali ya Juni.

Swali langu ni moja. Ni wewe?

Mimi


20 Novemba

Mwanangu,

Ni mimi.

Nilitumia sindano ya shanga, ile nyembamba ninayoificha baba yako asitobolee viatu, na uzi wa hariri wa kijani niliouchambua mpaka ukabaki unyuzi mmoja. Nilishona asubuhi, mlango wazi, watu wanapita. Sikujificha, kwa hiyo usifikirie niliona ni wizi.

Ule mche wa kunde upo kwenye mtaro, nyuma ya kinyozi. Tulipoufikia ulikuwa na maganda tu, maua yalikuwa yamekwisha, nikachimba shina moja na mzizi wake, mengine nikayaacha. Barua yako ya Julai ilipofika nilizunguka siku nne kutafuta mwingine. Wewe uliandika lazima vyote viwili, na wameupigia mstari. Mteja akiniletea shati lililopoteza kifungo simrudishii, natafuta kinachofanana, nakishona, anavaa. Ua la kiazi lilikuwa la zambarau kama yale niliyowahi kuyaona kwenye mche ule. Nikaona yanafanana. Sikujua ua lina hesabu ndani yake.

Nimeona haya, na nitakuambia ilivyokuwa hata kama utacheka. Haya ya kwanza iliyonijia ni kwamba mshono wangu umeonekana. Nilikaa na barua yako nikiwaza ningepitisha uzi upande gani usionekane. Ndipo nikafika pale penye mahafali, nikaiweka sindano chini.

Baba yako hajui. Aliniuliza mbona sijashona tangu mchana, nikamwambia macho yananiuma.

Hili kosa ni langu na nitalibeba mwenyewe. Nitakuja. Nitawaambia hao wa kamati kwamba fundi ni mimi, shangazi yako, na kwamba wewe hukujua. Niandikie siku na jina la jengo.

Shangazi yako


29 Novemba

Kwako Shangazi,

Nakuamkia. Tafadhali usije.

Kamati imekwisha kukaa. Watu watano, dakika ishirini. Niliulizwa, nikajieleza, wakanisikiliza. Mkusanyo umefutwa. Kozi nitairudia mwakani yote, pamoja na mimea hamsini mipya. Nyingine nikifaulu zitabaki zilivyo. Mahafali ni ya mwaka unaofuata, kama yatakuwepo. Hakuna cha kuongeza wala kupunguza, ukija utachoka bure na safari.

Naomba mwambie Baba mahafali yamesogezwa. Wewe unajua namna ya kumwambia.

Hukukosea wewe. Tusiandikiane tena juu ya hili.

Mimi


6 Januari

Mwanangu,

Salamu. Mwaka umegeuka na sisi tupo. Baba yako nilimwambia mahafali yamesogezwa. Akauliza nani kayasogeza. Nikakanyaga cherehani.

Ulisema nisije. Nilikuja. Ilikuwa tarehe kumi na moja Desemba, siku ya Jumatano, na basi lilifika saa nne asubuhi. Nilivaa ile suti yangu ya kijivu. Kwenye geti niliulizia idara ya biolojia, mlinzi akanionyesha jengo la ghorofa mbili lenye ngazi za nje. Karani alinikalisha kwenye benchi mbele ya kabati la vioo lenye mifupa ya popo. Nilikaa nikiwahesabu. Kumi na nane.

Lenzi alitoka mwenyewe kuniita. Nilimwambia nimekuja kwa habari ya ule mmea ulioshonwa. Akanitazama mikono kabla ya uso. Akafungua kabati, akaitoa karatasi, akaiweka mbele yangu kama ushahidi. Mshono ni wangu. Ningeujua hata gizani.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mwanafunzi aliiambia kamati kwamba mimea aliikusanya mwenyewe, akampa fundi mmoja wa mtaani kazi ya kuibandika tu. Akasema ni mtu asiyemjua, hata jina lake hakuliuliza."

Nilikuwa nimejiandaa safari nzima. Neno "shangazi" lilikuwa tayari ulimini, nilikuwa nimelifanyia mazoezi dirishani mwa basi mpaka abiria wa pembeni akanisogelea kuuliza kama namsemesha yeye. Nikalimeza.

Nikasema, "Ndiyo. Mimi ndiye huyo fundi."

Akaniuliza kama namfahamu msichana. Nikasema hatujuani sana. Akaniuliza kama nilijua kwamba mwanafunzi anatakiwa akusanye mwenyewe. Nikasema fundi cherehani atajuaje masharti ya chuo.

Sasa sikiliza. La kwanza nililisema kwa sababu wewe ulikuwa umekwisha kulisema, na sikutaka uonekane muongo mara mbili. La pili ni uongo wangu mimi, na ndilo linaloniuma. Masharti ninayajua. Yapo ukutani kwangu mwaka wa nne huu. Mstari wa mwisho kabisa wa ile karatasi unasema: "Mwanafunzi atakusanya sampuli kwa mikono yake mwenyewe." Barua yako ya Juni ilipofika nilikwenda ukutani nikausoma. Kisha nikachukua kalenda ya duka la vitambaa nikaitundika juu yake. Nilikuandikia kwamba sikuwa na msumari mwingine. Kopo la misumari liko chini ya meza yangu, na limejaa.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba sikukosea.

Nilipotoka nilipita chini ya bweni lenu. Dirisha lako nililijua kwa pazia la maua ya buluu, pindo lile la mshono maradufu. Sikupanda. Basi la kurudi lilikuwa saa nane.

Sikukuandikia haraka kwa kuwa nilitaka kwanza hasira itoke, nione chini yake kuna nini. Sijaona bado.

Mama Pindo


2 Machi

Kwako Shangazi,

Nakuamkia, na Baba namwamkia. Wazima huku, isipokuwa mwenzangu wa chumbani ambaye ana mafua na anayagawa.

Barua yako ina wiki saba mezani. Sikuificha chini ya godoro safari hii. Niliiacha wazi ili kila nikikaa kusoma niione.

Mara hii sitaacha kitu.

Hakukuwa na kazi za maabara. Biokemia nilianguka. Nilipata alama thelathini na nne, na pasipo Biokemia huruhusiwi kuingia mwaka wa mwisho. Walinipa nafasi ya kuirudia likizoni, Juni mpaka Agosti, madarasa kila asubuhi, mtihani mwishoni. Ndiyo sababu sikuja, na ndiyo sababu mimea nikakutupia wewe. Ile tiki uliyoiweka Juni uliiweka kwa maneno yangu. Ukweli wake ulianza tarehe thelathini Agosti, nilipofaulu kwa alama mbili juu ya mstari.

Na ndivyo nilivyonaswa, si kwa uzi peke yake. Mbele ya kamati nilisema mimea niliikusanya mwenyewe. Mmoja wao akafungua lebo ya namba 31, ambayo niliinakili kutoka daftari la Baba neno kwa neno: "Tarehe 17 Julai, saa mbili asubuhi, mtaroni nyuma ya kinyozi." Akafungua na rejista ya Biokemia. Tarehe 17 Julai, saa mbili asubuhi, sahihi yangu ipo pale. Akaniuliza ninawezaje kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Baba hajawahi kukosea tarehe maishani mwake.

Wakauliza basi aliyekusanya ni nani. Niliona kibaraza chetu, chaki, wewe na pini mdomoni, fundi baiskeli anapiga kelele. Nikaona watu watano waliovaa vizuri wakiyaona hayo yote. Nikasema ni huyo huyo fundi, na kwamba simjui. Lenzi hakukuambia kipande hicho. Hakuna aliyenilazimisha, Shangazi. Hata swali hawakuliuliza kwa ukali.

Lingine ni hili. Tarehe kumi na moja Desemba nilikuwa chumbani. Nilikuona. Suti ya kijivu, mkoba umeubana kwapani, umesimama chini unatazama juu. Nilirudi nyuma ya pazia nikakaa hapo mpaka nikadhani umeondoka. Kisha nikakaa tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Lenzi. Nilimwambia yule fundi ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea, na nilimkana. Alikuwa anapanga karatasi, hakuacha kupanga.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Jenetiki ya mwaka wa kwanza naifundisha mimi. Ndewe za masikio yenu zimeshikana na shavu kwa mkato ule ule, na wote wawili mkidanganya mnatazama dirishani. Nilikuwa nangoja nione nani atarudi kwanza." Kisha akaonyesha koti lake. "Hiki kifungo cha pili alikishona yeye, hapo hapo ulipokaa. Alisema hawezi kuzungumza na mtu ambaye kifungo chake kinataka kuanguka."

Hilo la kifungo hukuniandikia.

Adhabu ni ile ile. Kilichobadilika ni faili, ambamo sasa kuna maelezo yangu ya kurasa mbili. Lenzi alinipa namba 31 niondoke nayo, akasema haina kazi tena idarani. Imo ndani ya bahasha hii. Lebo nimeiandika upya, itazame pale penye "Mkusanyaji".

Naomba uifute tiki ya Uainishaji kama uliiweka. Na kama unaweza, mpe Baba barua hii aisome yote. Siwezi kumwandikia nyingine, hii yenyewe imenichukua wiki saba.

Tuna likizo fupi ya siku kumi, kuanzia tarehe kumi na mbili Aprili. Sijui kama nina ruhusa ya kuja, na sijui nikija nitakaa wapi pale kibarazani.

Mwanao, kama bado


5 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Baba yako barua ameisoma, akaikunja, akavaa kofia akatoka. Alirudi na kopo la rangi akapaka mlango wa uani ambao hakuna aliyemwomba aupake. Jioni akasema maneno matatu: "Thelathini na nne." Asubuhi akaongeza: "Tarehe ilikuwa sahihi." Kwa sasa usitegemee zaidi ya hapo.

Fundi baiskeli anamuuliza kila anayepita Daktari wa Majani anarudi lini. Nimemwambia bado unasoma, na kwamba ulianguka. Akasema, "Mtaroni?" Nikasema karibu na hapo.

Lebo nimeisoma. "Mkusanyaji: Shangazi yangu, fundi cherehani." Nimekaa nayo. Kisha nimevaa miwani nikautazama mshono. Lenzi amenisifu bure, wa tatu umekwenda upande. Nimeifumua yote saba, na ua nimelitoa. Shina limebaki na maganda yake, kama nilivyolikuta. Nimelibandika ukutani, na lebo yako chini yake.

Pazia niliona likitikisika siku ile, na upepo haukuwepo. Sikukuandikia kwa sababu mimi pia nilikuwa sijasema ya kalenda.

Kalenda nimeiondoa, na imepata msumari wake. Karatasi sasa inasomeka mpaka chini. Tiki ya Uainishaji sikuwa nimeiweka. Ya Biokemia nimeiacha, na pembeni yake imeandikwa tarehe thelathini Agosti kwa mkono wa baba yako. Yule mama wa sare alipokuja tena aliusoma mstari wa mwisho kwa sauti, halafu akanigeukia akitaka kujua maana yake. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku nampima mwanawe mabega. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona ua, nilikosea kipimo mara mbili.

Magauni yamo kabatini ndani ya nailoni, pindo bado wazi.

Unauliza utakaa wapi. Kiti chako kipo pale pale, kina vipande vya kitambaa, nitavitoa.

Ule mche wa kunde mtaroni nyuma ya kinyozi umetoa maua tangu juzi. Ni ya zambarau kweli, lakini hayafanani na ya kiazi hata kidogo. Sijui nilitazama nini. Baba yako ameliinamia moja bila kuligusa, akahesabu vijiti, akapata kumi. Ganda la kwanza limeanza kuchomoza kwenye tawi la chini, kwa hiyo kwa muda mfupi vyote viwili vitakuwa kwenye shina moja. Kinyozi anasema haizidi wiki mbili.

Sijaugusa.

Shangazi yako